Shamba la Mama Nekesa Lisilofagiwa

Vijana, pigeni magoti. Simaanishi kuomba, ingawa na hilo lina siku yake. Namaanisha pale penye sukuma wiki zako, saa saba mchana, jua likiwa kali. Piga goti, ingiza kidole kwenye udongo. Kikitoka kama kimechovywa kwenye unga, acha kusoma, katafute majani makavu sasa hivi, halafu urudi. Nitakungoja.

Umerudi? Haya.

Mimi nimeacha kazi. Watu hucheka nikisema nimestaafu, kwa sababu sijafika hata hamsini, lakini goti la kulia lilistaafu kwanza nami nikalifuata. Tangu nimalize Form Four nimefanya kazi moja tu, kutunza bustani za mboga nyumbani kwa watu, ingawa sikuweza kuifanyia mahali pamoja. Naivasha, Mai Mahiu, Njoro, Bahati, Nakuru mjini. Barabara ikipinda mbele yangu, nataka kujua kuna nini nyuma ya kona. Mpaka leo nazunguka, bila jembe sasa, na nikipita penye mboga zilizopandwa kwenye udongo mtupu natamani kuruka ua niziokoe. Mara moja niliruka. Mbwa alikuwepo. Tuliache hilo.

Nataka kuwaambia habari ya matandazo, yaani kuufunika udongo kwa majani makavu, nyasi, mabua, chochote kilichokuwa hai. Na siwezi kuisimulia bila Mama Nekesa wa Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, kwa sababu kwake ndiko nilikoiona kazi hii ikipiganiwa.

Mama Nekesa alikuwa mjane. Mume wake alifanya kazi ya reli, akamwachia nyumba ndogo ya mawe na kipande cha ardhi nyuma yake. Kwa Kaptembwo, kipande hicho ni maajabu, maana pande zote wenzake walikuwa wamejenga vyumba vya kupangisha mpaka ukutani. Yeye alikuwa na sukuma, spinachi, managu na kunde. Mtoto wake Wafula, ambaye ni fundi wa mawe, aliliangalia shamba hilo kama mtu mwenye njaa anavyoangalia sahani ya mwingine.

Siku niliyoitwa kulima, niliwakuta wakibishana.

"Mathe, hapa inaingia vyumba nne," Wafula alisema. "Unakaa tu, unangojea rent. Hata jembe hushiki tena."

"Nikikaa tu nitakufa, Wafula."

"Sasa hii vumbi itakusaidia aje? Angalia hizo sukuma. Zimelala kama watu waliokesha disko matanga."

Kweli zilikuwa zimelala. Ilikuwa Januari, na mnajua Januari ya Nakuru. Udongo wetu ni mwepesi, una rangi ya majivu, unashika maji kama kikapu. Asubuhi unamwagilia, mchana hakuna kitu, na upepo wa alasiri unachukua ulichobaki nacho na kukipeleka kwa jirani. Maji ya mfereji yalikuja siku yalipojisikia. Siku nyingine Mama Nekesa alimwita mtu wa mkokoteni amletee mitungi.

Akamwangalia kijana wake, kisha akaangalia mimea. Akasema, "Pasaka mtakuja hapa wote, wewe, bibi yako na watoto. Tutakula mboga ya hii shamba, tushibe. Tukikosa, lete mawe yako."

Wafula akacheka. "Mzee," akaniambia mimi, ambaye labda nimemzidi miaka mitano, "umesikia? Wewe ni shahidi."

Basi ndivyo nilivyoingia kwenye kesi hiyo, na kusema kweli moyo wangu ulidunda kwa furaha. Nilikuwa najua dawa. Nilikuwa nimeijulia Mai Mahiu, kutoka kwa Mzee Kariuki, ambaye alilima nyuma ya vibanda vinavyouzia madereva wa malori chai na chapati. Kule chini ya mteremko ni joto na vumbi tupu, lakini mzee huyo alikuwa na nyanya zenye mashavu. Siku yangu ya kwanza nilimkuta analaza nyasi kavu juu ya shamba lililolimwa vizuri. Nikafikiri amechoka kichwa.

"Mzee, kwani unalilaza shamba?"

"Ee. Na wewe ukilala bila blanketi hapa saa sita ya mchana, utaamka?"

Kisha akanishika mkono, akauingiza chini ya nyasi. Jamani! Juu udongo ungekaanga yai. Chini palikuwa baridi na unyevu, kama ndani ya mtungi wa udongo. Nyungunyungu mmoja akanipita kwenye kidole. Nilitoa mkono nikacheka peke yangu kama mjinga, na mpaka leo nikikumbuka mkono ule unasisimka. Ningeweza kuwapa maneno mengi ya vitabu hapa, lakini mkono chini ya nyasi unatosha.

Sasa, Kaptembwo. Nilimweleza Mama Nekesa mpango wangu: tunamwagilia udongo mpaka ulowe kabisa, halafu tunaufunika kwa majani, unene wa kiganja. Nilidhani atafurahi. Akaniangalia kama nimemtukana.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Mama Nekesa alikuwa maarufu mtaa mzima kwa kufagia. Alfajiri alifagia mbele ya nyumba, akafagia njia mpaka kwenye lango, akaingia shambani akafagia katikati ya mistari ya sukuma, akiacha alama za fagio zimepangika kama nywele zilizochanwa. Majani yote yaliyoanguka aliyakusanya na kuyachoma kwenye kona. Si yeye pekee. Mama zetu wengi walilelewa hivyo. Shamba lenye takataka ni la mvivu au mgonjwa, na jirani akiona jani chini anauliza kama kuna msiba.

"Unataka watu waseme nimezeeka, siwezi kushika fagio?" aliniuliza.

"Mama, fagio ndiyo inamaliza hiyo shamba."

"Nyamaza. Nimefagia kabla uzaliwe."

"Ndiyo maana udongo umechoka."

Ilibidi nicheke ili asinifukuze. Mwishowe tukakubaliana: nitafunika nusu ya nyuma, ile isiyoonekana kutoka langoni. Ya mbele ataendelea kuifagia, kwa ajili ya macho ya watu.

Nikaenda sokoni mbio. Hapa nawapa siri moja tamu. Malori ya ndizi yanayotoka Kisii huja yametandikwa majani makavu ya migomba ili ndizi zisichubuke. Wakishapakua, majani hayo yanatupwa pale pale. Ni mali, na hakuna anayeyagombania. Unamsalimia tu kijana wa kupakua, "Niaje boss, naweza kubeba hizi?" Atakushangaa, atakuambia beba hata na matope. Nilibeba magunia mpaka wapita njia wakaniuliza kama nafuga ng'ombe.

Tukamwagilia, tukafunika. Kwenye kila shina niliacha nafasi ndogo, kama kola ya shati isiyobana shingo, maana majani yakigusa shina muda wote linaoza na viwavi wanapata nyumba ya bure. Mama Nekesa alisimama na fagio mkononi akinung'unika. Wiki ikapita, jua likazidi. Sukuma za mbele, zilizofagiwa na kumwagiliwa kila jioni, zililala kila mchana. Za nyuma zilimwagiliwa mara chache sana na zilisimama.

Siku moja nilifika nikamkuta amechuchumaa nyuma, mkono wake wote umezama chini ya majani ya migomba, macho yamemtoka.

"Weh!" akasema. "Weh, weh! Kuja uguse."

"Najua, Mama."

"Hujui! Kuja!"

Nikagusa. Mwezi huo alibadilika kabisa. Alifunika nusu ya mbele mwenyewe, akaanza kukusanya kila kitu. Maganda ya maharagwe aliyaokota kwa jirani. Muuza mahindi ya kuchoma wa kwenye kona alimwekea maganda yake kwenye gunia. Nilimwona siku moja akimsimamisha mtu wa mkokoteni kuuliza kama yale majani yaliyofunika kabichi yana mwenyewe. Mwezi wa pili ulipoisha, sukuma zilikuwa na majani mapana kama masikio ya ndovu, na managu yalikuwa yakijiotea yenyewe pembeni. Wafula alipita, akaangalia, akasema tu, "Pasaka bado," akaenda zake.

Halafu Mama Nekesa akasafiri kwenda mazishini Bungoma.

Siku aliyotarajiwa kurudi, niliamua kwenda mapema nimwagilie. Nikiwa njiani, karibu na lango, nikasikia harufu. Mtu wa bustani anaijua harufu ya majani ya migomba yakiungua. Nilikimbia, goti na yote.

Ndani walikuwepo kina mama watano wa kanisa lake, leso zimefungwa kiunoni, fagio mikononi, wakiimba. Shamba lote lilikuwa limefagiwa. Alama za fagio zilipangika kutoka ukuta mpaka ukuta, na kwenye kona matandazo yetu yote yalikuwa mlima unaotoa moshi.

"Karibu, kijana!" alisema Mama Shiru, kiongozi wao, jasho likimtoka, uso umejaa furaha. "Huyu mwenzetu amefiwa, tukasema asirudi kwa uchafu. Angalia vile pameng'aa!"

Mngefanya nini? Walikuwa wameacha biashara zao siku nzima kwa upendo. Nilichukua mtungi nikamwaga kwenye moto, moshi ukatupofusha sote, na Mama Shiru akaniuliza kama nina wazimu. Nilipoanza kueleza, lango likafunguka. Mama Nekesa aliingia na mkoba wake.

Pasaka ilikuwa imebaki kama wiki mbili. Udongo ulikuwa wazi, jua lilikuwa juu, na mbele yake kulikuwa na kina mama watano wakitabasamu.

Alizunguka shamba lote. Akainama kwenye mlima ule wa majivu. Kisha akafika kwenye pembe moja ya nyuma, karibu na tangi la maji, na hapo akasimama. Kulikuwa na kuku wake mwekundu aliyekuwa ameatamia mayai kwenye majani ya migomba, na kina mama walikuwa wamepita mbali naye kwa heshima. Hatua mbili tatu za matandazo zilikuwa zimebaki zikimzunguka.

"Mama Shiru, kuja," akasema. Sauti ilikuwa tulivu. "Weka mkono hapa. Kando ya kuku, usimguse."

Mama Shiru akaweka. Akautoa haraka, akaurudisha.

"Sasa weka hapo ulipofagia."

Akaweka.

Wote wakapanga foleni, mmoja mmoja, mkono kwa kuku, mkono kwenye udongo uliofagiwa. Kuku alikuwa amekasirika sana. Wa mwisho alipoinuka, Mama Nekesa akawaambia habari ya Pasaka na mawe ya Wafula. Mama Shiru akaketi chini pale pale.

"Ai, Mungu wangu. Tumekuchomea shamba."

"Mmechoma blanketi," Mama Nekesa akasema. "Shamba bado ipo. Lakini italala kesho saa sita."

Kesho yake nilisimama langoni kama askari wa forodha, na hiyo, vijana, ndiyo siku nzuri kuliko zote katika kazi yangu. Walikuja kulirudisha blanketi! Kila mama alikuja na gunia au mzigo kichwani, kila mmoja akiapa kwamba wake ndio mzuri, na mimi nikipekua.

Wa kwanza alileta nyasi mbichi aliyokata kando ya barabara, ile inayotambaa. Nikaikataa. Ile nyasi ukiitandaza na vifundo vyake, inashukuru na kuota mizizi, na mwaka ujao huna sukuma, una uwanja wa mpira.

"Lakini ni kijani!" akalalamika.

"Ndiyo shida yake, Mama. Ianike kwanza mpaka iwe mfu kabisa. Hata nyasi nzuri ukiirundika mbichi inapata joto, inapika mimea."

Wa pili alileta unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala. Nikauchunguza, nikaunusa. Kama mbao imetiwa dawa, usiuguse. Huu ulikuwa wa zamani, umekuwa mweusi kwa mvua. Nikaukubali, lakini nikamwonya Mama Nekesa aumwage juu tu, asiulime ndani. Nilishamwona tajiri wangu wa Bahati akiulima ndani, na mboga zake zikageuka njano kama zina homa, kwa sababu udongo uliacha kulisha mboga ukaanza kushughulika na mbao.

Halafu akaja Mama Shiru, amekodi mkokoteni mzima wa mabua ya ngano kutoka Njoro. Alikuwa amejawa na fahari. Nilishika mabua, nikayapiga kwenye kiganja, punje za ngano zikadondoka.

"Mama Shiru, hii ni chakula cha kuku."

"Wapi! Ni majani."

Nikamsimulia jinsi nilivyotandaza mabua ya namna hiyo kwa mwalimu mmoja pale Njoro, tukalala tukiwa tumeridhika, na asubuhi kuku wa kijiji kizima wakawa wamekutana kama wako kwenye baraza la chifu. Walichakura mpaka vitunguu vikatupwa njiani. Zile punje walizoziacha zikaota, na mwalimu akapata shamba la ngano bila kuliomba.

"Kwa hivyo nirudishe?" Mama Shiru akauliza, karibu alie.

"Hapana. Tunapepeta."

Basi kina mama wakatandika turubai, wakayapiga mabua kwa fimbo, wakiimba zile zile nyimbo za jana, na kuku wa mtaa wakala hapo nje, mbali na shamba. Ilipofika jioni udongo ulikuwa umelowa na umefunikwa wote, viraka viraka, hapa mabua, pale maganda ya maharagwe, kule majani ya migomba niliyoyakimbilia sokoni. Halikuwa shamba la kupigwa picha. Majivu tuliyanyunyiza kidogo tu, mengine tukayaweka kwenye shimo la choo.

Siku hizi najua mnauziwa nailoni nyeusi ya kufunika udongo, na mnaangalia video kwenye simu. Sina ugomvi nayo. Nimeifanyia kazi Naivasha, na inazuia magugu vizuri. Lakini nailoni haigeuki kuwa udongo. Majani yanageuka. Ukifunika leo, baada ya mvua mbili unafunua na hujui jani limeishia wapi na udongo umeanzia wapi. Kama mvua ni nyingi na konokono wamezidi, sogeza matandazo pembeni kidogo, acha jua lipite, kisha uyarudishe. Hiyo ndiyo kazi yote. Kinachobaki ni kuingiza mkono uguse.

Pasaka ikafika. Sukuma zilikuwa zimepata mshtuko siku ile ya fagio, na majani mengine ya chini yalikuwa yamegeuka njano, kwa hiyo Mama Nekesa alichuma kila kitu, sukuma, spinachi, kunde, na managu yale yaliyojiotea, akachanganya, akaweka maziwa. Mimi niliitwa kama shahidi. Tulikuwa wengi mezani, watoto wa Wafula wakiwa sakafuni na sahani zao. Nilikuwa naogopa kupakua. Nilichukua kidogo, nikapitisha bakuli. Bakuli likazunguka. Likarudi kwangu bado lina mboga.

"Ongeza," Mama Nekesa akaniambia. "Usinionee huruma."

Wafula alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe. Alimaliza, akanawa, akatoa futi yake ya kupimia mfukoni, akatoka nje. Mama Nekesa alibaki ameketi, mikono mapajani, akisikiliza. Tulisikia chuma cha futi kikivutwa, kikirudi. Kikavutwa tena.

Nilipotoka, nilimkuta hapimi shamba. Alikuwa amepanda juu ya ngazi, anapima ukuta wa nyumba ya baba yake. Halafu akashuka, akaangalia kama kuna mtu, hakuniona, akapiga goti na suruali yake ya Pasaka, akaingiza mkono chini ya mabua ya ngano. Akauacha huko muda mrefu.

Mama yake alikuwa amekuja, amesimama nyuma yangu.

"Msingi wa nyumba ya mzee wetu ni mzito," Wafula akasema bila kugeuka, mkono bado uko chini. "Nyumba inaweza kupanda juu na hizo vyumba, mathe. Hii shamba haiwezi."

Nilidhani Mama Nekesa atalia, na pengine alikuwa anaanza. Lakini alipanguza mikono kwenye leso, akamwendea, akamgonga begani.

"Haya, panda juu," akasema. "Lakini nikipata simiti yako imemwagika hapa, utanijua."